Levire ya mandazi na siri ya uzazi: ginsi kromozomu zinatafutana mbili mbili

Levire ya kuvimbisha mandazi inauzwa ku soko za mashariki mwa Kongo, kuanzia Bunia mpaka Kalemie. Wengi wanaijua kwa kazi moja tu: kufanya unga uvimbe. Lakini katika laboratwari, kwa zaidi ya miaka 30, hiyo levire imesaidia wanasayansi kuelewa jambo kubwa la uzazi: ginsi kromozomu za baba na za mama zinatafutana, zinashikana mbili mbili, kisha zinaachana kwa utaratibu. Kazi hiyo inafanywa na proteini. Ikienda vibaya, mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa na kromozomu moja zaidi, ao mtu anaweza kukosa kuzaa. Na mara nyingi, mambo kama hayo yakitokea, lawama inamuangukia mama peke yake. Levire inaonyesha kama lawama hiyo haina msingi.

Ugumu uko wapi?

Mwili wa mtu umejengwa na seli, vyumba vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuona bila mikroskopu. Ndani ya seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna ADN, uzi mrefu na mwembamba wenye maagizo ya kujenga mwili. Ukinyoosha ADN yote ya seli moja ya mtu, inafika karibu metre 2. Uzi huo haukai kama kipande kimoja. Umegawanyika katika vipande vinavyoitwa kromozomu. Mtu ako na kromozomu 46, ni kusema jozi 23. Katika kila jozi, moja ilitoka kwa baba, ingine kwa mama. Hizo mbili zinafanana sana bila kuwa sawasawa kabisa, kama vile ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja na sura yake.

Sasa, kama yai la mama lingebeba kromozomu 46, na mbegu ya baba 46, mtoto angekuwa na 92, mjukuu naye 184. Njo maana mwili unafanya mgawanyo wa pekee, wenye wanasayansi wanaita meyozi, ili yai ao mbegu ibaki na nusu: 23 tu.

Lakini nusu hiyo haichukuliwi ovyo. Fikiria watoto wawili wanaogawana vyombo vya jikoni: sufuria mbili, sahani mbili, visu viwili, vikombe viwili. Ukiwaambia kila mmoja achukue vyombo vinne bila kuangalia, mmoja anaweza kuondoka na sufuria mbili na asipate kisu hata kimoja. Ili kila mtu apate kimoja cha kila aina, lazima kwanza vyombo vipangwe: sufuria kando ya sufuria, kisu kando ya kisu. Kisha njo mnagawana.

Kromozomu nazo ni hivyo. Kabla ya kugawanywa, lazima namba 1 ya baba ipate namba 1 ya mama, namba 2 ipate namba 2, mpaka mwisho. Na ndani ya kiini hakuna mtu wa kupanga. Kromozomu zimesongamana kama watu ku siku ya soko. Je, kromozomu namba 5 ya baba inajua namna gani kama ile iliyo upande ule ni namba 5 ya mama? Hilo njo swali ambalo levire ilisaidia kujibu.

Kwa nini levire?

Levire, ao chachu, ni kiumbe hai. Ile ya mikate inaitwa Saccharomyces cerevisiae ku vitabu vya sayansi. Chachu ya aina hiyo pia njo inafanya pombe ya ndizi, kasiksi, ichache. Kila chachu ni seli moja tu, ndogo kiasi kwamba ukizipanga karibu 200 kwa mstari, zinajaza milimita moja. Lakini ndani yake kuna kiini na kromozomu, kama katika seli ya mtu, na proteini nyingi zinazoshughulika na kromozomu hizo zinafanana na zetu.

Kila siku chachu inazaana kwa kuchipua: seli moja inatoa kichipukizi, kinakua, kinajitenga. Chakula kikiwa cha kutosha, hiyo inachukua kama saa moja na nusu. Lakini chakula kikikosekana, zaidi naitrojeni, seli yenye kromozomu za pande zote mbili inabadilisha mwenendo. Inaacha kuchipua na inaingia katika meyozi. Kutoka kromozomu 32, ni kusema jozi 16, inatengeneza mbegu ndogo nne, kila moja na kromozomu 16, zote zikiwa pamoja ndani ya kifuko kimoja. Hizo mbegu ni ngumu, zinaweza kuvumilia ukame na njaa mpaka wakati mzuri urudi.

Kwa mtafiti, kile kifuko ni zawadi. Anaweza kukifungua, kutenga zile mbegu nne moja moja kwa sindano nyembamba chini ya mikroskopu, na kuzipanda. Kama kromozomu ziligawanywa vizuri, karibu zote zinaota. Kama ziligawanywa vibaya, nyingi zinakufa, juu zimekosa kromozomu fulani. Kuhesabu mbegu zilizoota ni kupima kama meyozi ilikwenda sawa.

Mwaka wa 1996, kundi kubwa la wanasayansi zaidi ya 600 kutoka nchi mbalimbali, likiongozwa na Mbelgiji André Goffeau, lilimaliza kusoma ADN yote ya chachu hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kiumbe chenye seli za kiini kusomwa chote. Kulipatikana jeni karibu 6.000. Jeni ni agizo la kutengeneza proteini fulani. Tangu hapo imekuwa rahisi zaidi kufanya jaribio moja lenye nguvu: unaondoa jeni moja, proteini yake inakosekana, kisha unaangalia ni kazi gani imesimama. Ni kama kumuambia mfanyakazi mmoja wa shantie abaki nyumbani, ili ujue yeye alikuwa anafanya nini.

Kuna pia njia ya taa. Watafiti wanaweka alama yenye kung'aa ku sehemu moja ya kromozomu ya baba, na alama ileile ku mwenzake wa mama. Kama ku mikroskopu wanaona nukta mbili, zile kromozomu ziko mbali. Kama wanaona nukta moja, zimekutana.

Hatua ya kwanza: kutikisa na kukaribiana

Meyozi ikianza, ncha za kromozomu zinafungwa ku ukuta wa kiini. Katika chachu, kazi hiyo iko na proteini inayoitwa Ndj1, ambayo inashika ncha ya kromozomu, na ingine inayoitwa Mps3, ambayo imepita ndani ya ukuta. Upande wa nje wa ukuta kuna kamba za seli. Kamba hizo zikisogea, zinavuta ncha, na kromozomu nzima inafuata. Ku mikroskopu, kromozomu zinaonekana zikikimbia, zikirudi, zikitingishwa.

Hayo matingisho yako na faida mbili. Kwanza, yanakutanisha kromozomu zilizokuwa mbali. Pili, yanatenganisha zile zilizoshikana kwa makosa, juu mshiko wa watu wasiofahamiana hauna nguvu, unaachia haraka. Ukiondoa Ndj1, kromozomu zinachelewa kupata wenzao, na makosa ya kugawanya yanaongezeka.

Mwaka wa 2005, Tomomi Tsubouchi na Shirleen Roeder wa Chuo Kikuu cha Yale, huko Marekani, walitangaza jambo lingine lililoshangaza. Mwanzoni kabisa, kromozomu za chachu zinashikana mbili mbili katika sehemu yao ya kiuno, hata kama hazifanani. Kisha zinabadilishana: inaachia huyu, inashika yule, mpaka inapata mwenzake wa kweli. Inayoshikanisha viuno hivyo ni proteini moja inayoitwa Zip1, ambayo itarudi tena mbele na kazi kubwa zaidi.

Hatua ya pili: kukata ili kutambuana

Kukaribiana peke yake hakutoshi. Kromozomu mbili zinaweza kusimama kando kando bila kujuana. Namna ya kuhakikisha ni kusoma ADN yenyewe, herufi kwa herufi. Na kwa kufanya hivyo, chachu inafanya kitu chenye kuonekana kama wazimu: inakata kromozomu zake yenyewe.

Proteini ya kukata inaitwa Spo11. Mwaka wa 1997, Scott Keeney, Craig Giroux na Nancy Kleckner walionyesha kama ni yeye njo anapasua ADN pande zote mbili. Katika meyozi moja ya chachu, Spo11 inakata mahali kama 160 hivi. Siku ya kawaida, mkato mmoja tu wa namna hiyo ni hatari kwa seli. Hapa seli inajifanyia ile hatari kwa makusudi. Sababu ni hii: kromozomu iliyokatwa inahitaji kutengenezwa, na ili itengenezwe vizuri, inatafuta mwenzake mwenye maandishi yanayofanana ili imuige. Kwa njia hiyo, kutafuta fundi kunageuka kuwa kutafuta mwenzi.

Baada ya mkato, ncha za ADN zinachongwa mpaka unabaki uzi mmoja mmoja. Ku uzi huo zinakuja kujipanga proteini mbili, Rad51 na Dmc1. Rad51 inafanya kazi pia katika seli za kila siku, lakini Dmc1 inapatikana katika meyozi tu. Ilitangazwa mwaka wa 1992 na Douglas Bishop, Kleckner na wenzao. Ule uzi uliovaa proteini unaingia kati ya ADN zingine, unajipima: hapa haifanani, unaacha, hapa haifanani, unaacha, hapa inafanana, unabaki. Bila Dmc1, mikato inabaki wazi, haitengenezwi, na meyozi inasimama.

Lakini haraka inaweza kuleta makosa, juu kuna maandishi mafupi yanayojirudia katika kromozomu mbalimbali. Hapa njo kazi ya Hop2. Mwaka wa 1998, kundi la Roeder lilitangaza kile kinachotokea ukiiondoa. Kromozomu hazikosi kushikana: zinashikana sana, lakini na wageni. Namba 3 inaweza kujifunga na namba 9, na nyingine vilevile. Ndoa zinafungwa, lakini majina ku karatasi si yenyewe. Baadaye ilijulikana kama Hop2 inafanya kazi pamoja na mwenzake anayeitwa Mnd1, na kama hizo mbili zinamsaidia Dmc1 kushika yule wa kweli. Kumbe kupata mwenzi na kupata mwenzi wa kweli ni kazi mbili tofauti.

Kuna mtego mwingine. Kabla ya meyozi, kila kromozomu ilikwisha kutolewa nakala, na nakala hiyo imebaki imegandamana nayo. Kama kromozomu iliyokatwa ingejitengeneza kwa kuiga ile nakala iliyo karibu, isingekuwa na haja ya kutafuta mwenzake wa mbali. Proteini zingine, kama Hop1 na Red1, zinapangwa kando ya uti wa kromozomu na zinazuia ile njia ya mkato. Zinaisukuma itoke, ikatafute wa upande mwingine.

Hatua ya tatu: kufunga zipu

Zile mbili zikikwisha kutambuana, zinafungwa kwa urefu wote. Mwaka wa 1956, Montrose Moses na Don Fawcett, kila mmoja na kazi yake, walikuwa wamekwisha kuona kwa mikroskopu ya elektroni kitu kama ngazi ndefu kati ya kromozomu mbili. Moses alikuwa anaangalia kamba wa mto, Fawcett anaangalia njiwa, paka na binadamu. Lakini ngazi hiyo imetengenezwa na nini katika chachu? Mwaka wa 1993, Mary Sym, JoAnne Engebrecht na Roeder walipata Zip1. Jina linatoka ku zipu, ile watu wengi wanaita tireti ya jaketi.

Kila proteini ya Zip1 ni kama fimbo. Mwisho mmoja unashika kromozomu ya baba, fimbo nyingine inatoka ku kromozomu ya mama, na katikati vichwa vinakutana. Zikipangwa nyingi, zinafanya ngazi. Upana wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukiondoa Zip1, kromozomu bado zinaweza kutambuana na kusimama kando kando, lakini hazifungwi karibu karibu. Katika mwili wa mtu kuna proteini inayofanya kazi hiyo hiyo. Inaitwa SYCP1.

Wakati zimefungwa hivyo, mikato mingi inamalizika kutengenezwa. Katika sehemu kama 90 hivi za chachu, matengenezo yanamalizika kwa kubadilishana kipande: kipande cha baba kinaenda upande wa mama, cha mama kinaenda upande wa baba. Hiyo njo moja ya sababu watoto wa baba na mama wamoja hawafanani kabisa. Na mabadilishano hayo yako na kazi nyingine isiyoonekana haraka. Zipu ikifunguka, ni yale yanayobaki yakizishikanisha zile kromozomu mbili, mpaka dakika ya kuvutwa, moja huku, ingine kule. Jozi isiyo na hata mabadilishano moja inaweza kwenda yote upande mmoja.

Bariere ndani ya seli

Katika mashariki, kila dereva anajua bariere: ukifika, unasimama, wanaangalia, kisha unapita. Seli nayo iko na bariere yake. Kama mikato bado iko wazi ao kromozomu hazijamaliza kazi yao, proteini za ulinzi zinasimamisha meyozi. Hop1 na Red1, zile za uti, zinashiriki ku hiyo kazi. Seli inangojea. Ikitengeneza, inapita. Katika wanyama kama panya, seli zisizotengeneza zinaweza kufa kabla hazijakuwa yai ao mbegu. Panya wasiokuwa na Spo11 hawazai.

Baada ya bariere kubaki kifungo kimoja. Rec8 ni sehemu ya pete ya proteini inayoshikanisha kromozomu na nakala yake. Wakati ukifika, pete inakatwa ku mikono ya kromozomu, lakini inaachwa ku kiuno mpaka mgawanyo wa pili. Kama ingekatwa yote kwa wakati mmoja, nakala zingetawanyika ovyo. Hiyo Rec8 ni ya kukumbuka, juu iko na habari kubwa kwa wa mama.

Ndizi ya Kivu, mfano ulio wazi

Kuna kiumbe kimoja chenye kila mtu wa Kivu anajua ambacho kromozomu zake haziwezi kupangwa mbili mbili: ndizi. Ndizi za mituni zimekuwa na kromozomu za aina 11. Lakini ndizi nyingi zinazolimwa katika nyanda za juu za Maziwa Makubwa, za kupika na za pombe, ziko na kila kromozomu mara tatu: zote pamoja ni 33. Mbili zikikutana, ya tatu inabaki bila mwenzi, ao zote tatu zinagombania. Mgawanyo unaharibika, na mbegu hazipatikani. Zile nukta nyeusi ndogo katikati ya tunda ni alama ya mbegu ambazo hazikukua. Tunda lenyewe linakua bila kuhitaji mbegu, njo maana tunaweza kulila bila kuvunja meno.

Lakini faida iko na bei yake. Kwa kuwa hakuna mbegu, mulimaji anapanda kichipukizi kilichotolewa ku shina la mama, na hicho ni sawasawa na mama yake. Mashamba mengi yanabaki na ndizi zisizotofautiana sana, na ugonjwa ukiingia, unaweza kupitia ku kichipukizi kimoja mpaka shamba lingine. Ule mnyauko wa ndizi ulioonekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulienea hivyo, pamoja na visu visivyosafishwa na wadudu wanaotembelea maua. Hata wale wanaojaribu kuchanganya aina za ndizi ili kupata yenye nguvu wanagonga ku ukuta ule ule: kromozomu tatu tatu hazikubali kugawanywa vizuri.

Kwa binadamu

Katika mtu, jozi zikishindwa kuachana vizuri, yai ao mbegu inaweza kubeba kromozomu moja zaidi ao moja pungufu. Mara nyingi mimba ya namna hiyo haifiki mbali. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza ziko na hesabu mbaya ya kromozomu. Mama hakuanguka, hakula kitu kibaya, hakulogwa. Hesabu ilikuwa imeharibika tangu siku ya kwanza.

Mara zingine mtoto anazaliwa. Mwaka wa 1959, huko Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kama watoto wenye ile hali inayoitwa trisomi 21 wako na kromozomu 47, juu ya namba 21 iko mara tatu. Tangu hapo ilijulikana kama si laana, si ugonjwa wa kuambukizwa, na si matokeo ya mwenendo wa mzazi.

Kwa kawaida, mara kama tisa kwa kumi, ile ya tatu inatoka ku yai. Hapa watu wengi wanaweza kusema: "Munaona, ni mama." Lakini inafaa kujua ginsi yai linatengenezwa. Mwili wa mwanaume unatengeneza mbegu mpya kila siku, tangu ujana wake. Mayai ya mwanamke hayako hivyo. Kromozomu zake zinatafutana, zinakatwa, zinafungwa zipu na kubadilishana vipande wakati yeye mwenyewe bado ako tumboni mwa mama yake. Kisha kazi inasimama katikati. Inangojea miaka 15, 25, 40, mpaka mwezi ule yai litakapokomaa.

Ni kusema kwamba mwanamke wa miaka 38 anayebeba mimba leo, kromozomu za yai lake zilishikana miaka 38 iliyopita, kabla hajazaliwa. Muda wote huo zilishikiliwa na pete zile zile, za jamii ya Rec8. Pete hizo zinachoka na miaka, zinalegea, na siku ya kugawanya zinaweza kuachia vibaya. Njo maana hatari inapanda na umri: kwa mama wa miaka 20, ni kama mtoto mmoja kwa 1.500, kwa mama wa miaka 40, ni kama mmoja kwa 100. Hata hivyo, wa mama vijana nao wanazaa watoto wenye trisomi 21, na kwa kuwa wao njo wanazaa zaidi, watoto wengi wa namna hiyo wako na mama kijana. Kuna pia sehemu ndogo inayotokana na kromozomu mbili zilizoungana, jambo linaloweza kupita katika familia, kwa baba ao kwa mama.

Wanaume nao hawako nje ya habari hii. Kuna wanaume wenye afya na nguvu ambao mbegu zao hazipatikani, juu meyozi yao inasimama ku bariere, na kwa wengine imeonekana ni jeni moja ya kushikanisha kromozomu njo imeharibika. Kwa macho hakuna anayeweza kuijua. Kwa hiyo bibi na bwana wakikosa mtoto, kupima mwanamke peke yake ni kufanya nusu ya kazi. Wote wawili wanapashwa kwenda kwa munganga.

Cha kufanya, na cha kuacha

Hakuna dawa ya mitishamba, sindano wala maombi ya kulipia yanayoweza kuondoa kromozomu ya tatu katika mwili wa mtoto. Mtu anayeomba pesa, mbuzi ao franga kwa ahadi hiyo anadanganya familia. Lakini kuna mengi ya kufanya. Karibu nusu ya watoto wenye trisomi 21 wanazaliwa na shida ya moyo, kwa hiyo mtoto anapashwa kupelekwa mapema ku kituo cha afya ili moyo wake usikilizwe, na masikio na macho yaangaliwe. Wengine wanachelewa kunyonya vizuri, kukaa, kutembea na kusema, lakini wanajifunza. Katika nchi zenye upasuaji wa moyo na matunzo ya kutosha, wengi leo wanafika karibu miaka 60.

Kwa mama aliyepoteza mimba, jambo la kwanza ni matibabu, juu damu nyingi ao homa inaweza kumuua. Kama mimba zinatoka mara kwa mara, munganga anapashwa kutafuta sababu kwa wote wawili, juu kuna zingine zinazotibika, kama magonjwa ya kuambukiza ao sukari ya damu. Na kwa mama mjamzito wa umri wowote, kufuata CPN tangu mwanzo kunasaidia, hata kama hakubadilishi kromozomu.

Cha kuacha ni kutafuta mwenye kosa mtaani. Spo11, Dmc1, Hop2, Zip1 na Rec8 hazijui nani aligombana na shangazi, nani alikosa kulipa mahari, nani alipita njia gani usiku. Zinafanya kazi yao katika giza la seli, ndani ya chachu ya mandazi na ndani ya mtoto wa kike ambaye hajazaliwa bado. Mara nyingi zinafaulu. Mara zingine zinashindwa, na yule ambaye yai lake lilishindwa hakuwepo ili achague.